Bingwa wa Chai ya Kompyuta

Jumatatu, 4 Machi
Toka nianguke paani nikaumia ubongo, mke wangu anatembea na ufunguo wa karakana shingoni. Eti seremala asiyekumbuka kuzima jiko hapewi msumeno! Mtaalamu wa hospitali kamuunga mkono: nicheze kwanza michezo ya kompyuta ya kuzoeza ubongo. Michezo! Na ndevu zangu hizi! Leo nimepika chai kwenye skrini. Alama arobaini. Jirani yangu wa benchi, kinyozi aliyegongwa na pikipiki, kapata thelathini. Nikampa pole. Kwa sauti.

Jumatano, 6 Machi
Ugunduzi! Jiko la kompyuta halibadiliki. Sufuria kushoto, maji juu, majani chini, sukari kulia. Ya nini kufikiri? Nimekariri. Tisini na nane! Kinyozi anajiandikia kiganjani kwa kalamu: zima moto. Nikamwambia, bwana wee, huko ni kuibia. Akajibu kichwa ni chake, anamwibia nani?

Ijumaa, 8 Machi
Mia kwa mia, macho nimefumba! Nikadai ufunguo. Mke akasema, baba watoto, mia hainyweki, mchemshie mama chai. Mama mkwe alikuwa kaja kunijulia hali. Nikaingia jikoni kifua mbele. Kushoto, juu, chini, kulia. Kumbe kwetu kulia hukaa sabuni ya unga. Mama mkwe kapiga funda moja, akatoa povu. Kaondoka bila kuaga.

Jumatatu, 11 Machi
Mtihani, jiko la kweli la hospitali. Kinyozi akasoma kiganja, akapika, akasoma tena, akazima moto. Kesho anafungua duka lake. Mimi nikaenda kushoto. Kushoto palikuwa na dirisha. Mtaalamu akanishauri taratibu nami niandike kiganjani. Mimi? Bingwa?

Jumanne, 12 Machi
Kosa si langu, ni la jiko letu! Mke alipokwenda sokoni nimelipanga upya lote, lifanane na la kompyuta. Nikainjika sufuria kujipima. Safi! Mke karudi, kaisaka chumvi mpaka jasho likamtoka, mwisho kakaa chini kashika kichwa. Maskini. Nimemwambia asione haya, twende wote hospitali, kompyuta zipo. Kauhamishia ufunguo kiunoni. Tukiwa bado tunabishana sebuleni, ikaingia harufu ya kitu kuungua. Majirani hao. Watu wengine wazembe, jamani!