Matawi Bila Marehemu

Jumatatu, 10 Machi

Wamepita tena! Juzi Jumamosi. Magari saba na pikipiki nne, matairi makubwa kama ya trekta, wametoka mjini kuja kucheza kwenye matope yetu. Wamekata katikati ya viazi vya Bibi Tumpe, wakateremka hadi kwenye chanzo cha maji, wakazunguka humo mara tatu huku wakipigana picha. Leo bomba la zahanati linatoa kitu chenye rangi ya chai ya maziwa. Nesi amekichemsha mara mbili. Bado ni chai.

Nilikuwepo. Nilikuwa nyuma ya mti. Naandika hili kwa kuwa shajara hii inalala kwenye droo yenye ufunguo.

Mama Blandina, Mtendaji wetu wa Kijiji, ameniita ofisini. (Tunakaa ofisi moja, lakini aliniita.) Alisema sheria ndogo ya kuzuia magari kuingia mashambani na kwenye chanzo imeongelewa miaka miwili bila kuandikwa. Niiandike mimi, karani wa kijiji. Mkutano mkuu wa kijiji uipitishe. Na Jumamosi hii gari lisiguse maji. Likigusa, basi Jumatatu tarehe 17, siku majaribio yangu ya miezi mitatu yanapoisha, nifungashe nirudi kwetu Mlandege, Iringa. Aliyasema yote hayo huku akinikaribisha mahindi ya kuchemsha. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Siwezi kurudi. Mama ameshaitangazia jumuiya nzima kanisani kwamba Vitus wake ana meza ya serikali. Na ninayo. Ina droo mbili. Anyitike, mgambo wa kijiji, anaitamani. Kila nikitoka chooni nakuta kiti kina joto.

Nimeamua. Hakuna gari litakalopita.

Jumanne, 11 Machi

Nimeandika vifungu kumi na vinne. Kazi safi. Kifungu cha 2: ni marufuku chombo chochote cha moto kuingia katika ardhi ya kijiji au shamba la mtu, nje ya barabara.

Nikampelekea Mwenyekiti, Mzee Andendekisye. Alisinzia kwenye kifungu cha kwanza, akaamka kwenye cha pili. Akauliza kama pawatila yake, ile trekta ndogo ya kusukuma kwa mikono, nayo ni chombo cha moto. Nikasema ndiyo, kisheria. Akauliza inafikaje shambani bila kuingia shambani.

Nimeongeza: isipokuwa pawatila. Kisha bodaboda za kubeba viazi. Kisha Fuso la mnunuzi. Kisha pikipiki ya mchungaji. Kufikia jioni kifungu cha 2 kilikuwa kurasa mbili. Anyitike alikisoma kwa sauti mbele ya watu dukani, kama matokeo ya mtihani, akasema, wewe Kalinga, huko chuoni kwenu mlikuwa mnalipwa kwa neno?

Alingoja jibu. Nilikuwa nimeshaondoka.

Jumatano, 12 Machi

Mkutano mkuu. Saa nne asubuhi. Akidi ni watu mia tatu na kumi na mbili.

Walikuja kumi na mmoja. Watatu kati yao walidhani ni mbolea ya ruzuku, wakaondoka.

Bibi Tumpe alikuja. Aliweka mezani kiazi kilichokatwa na tairi, juu kabisa ya rasimu yangu, na tope lake. Akaniuliza, mjukuu wangu, hiyo karatasi yako ikipandwa inaota baada ya siku ngapi? Nikamweleza taratibu za kisheria: mkutano mkuu, kisha halmashauri ya wilaya, kisha... Akasema ndaga, mwanangu, ndaga, akachukua kiazi chake. Ndaga ni asante. Ile haikuwa asante.

Mkutano umeahirishwa kwa kukosa akidi. Nimeandika muhtasari wa kuahirishwa na kuugonga muhuri. Mama Blandina aliutazama muhuri, akanitazama mimi. Alisema neno moja: Jumamosi.

Alhamisi, 13 Machi

Mpango wa pili. Kibao!

Nimeandika kwa rangi nyekundu: HATARI! MATOPE YENYE KINA KIREFU. MAGARI YANAZAMA. Nimekisimika njia panda, pale njia ya chanzo inapoachana na ya shuleni. Herufi zimenyooka. Nilitumia rula.

Kisha, kwa ujasiri ambao sijui ulitoka wapi, nikaipigia simu namba iliyobandikwa kwenye bampa ya gari lao iliyong'oka na kubaki kwa Bibi Tumpe. Akapokea mtu mwenye sauti nzito. Nikakata. Nikamwandikia ujumbe: YAH: KUSITISHA MATEMBEZI YA MAGARI. Nikaambatanisha picha ya kibao, kama ushahidi kwamba njia haifai.

Mwenye sauti ile ni mwenyekiti wa klabu yao ya magari, anaitwa Sosthenes. Anatoka Iringa kama mimi! Alijibu baada ya dakika mbili, kwa salamu ya kwetu. Kamwene, kaka! Alinishukuru kwa taarifa. Matope ya kina kirefu wameyatafuta tangu mwaka jana. Picha ameisambaza kwenye kundi lao. Jumamosi wanakuja magari kumi na mawili.

Kumi na mawili!

Nimeng'oa kibao. Anyitike amekichukua, amekifanya mlango wa banda la kuku.

Ijumaa, 14 Machi

Sikulala vizuri. Sikula. Nesi alinishika paji la uso akasema homa hamna, huu ni woga tu.

Lakini mchana nimeona jambo. Kijiji cha jirani wana msiba, na kwenye njia yao wamelaza matawi mabichi. Fuso la viazi lilikuja kwa kasi, likaona matawi, likapunguza mwendo. Dereva akazima muziki. Akavua kofia. Dereva wa Fuso! Mtu ambaye hata kuku hampigii breki.

Nilimuuliza Anyitike, kama mtu asiye na shida yoyote. Alisema huku milimani ndiyo desturi: palipo na matawi pana msiba, na hakuna mwenye akili timamu atakayepita pale akivuma.

Hakuna. Mwenye akili. Timamu.

Hawa wa mjini nao wana wazazi. Nao wamefiwa. Wataona matawi, watageuza, watarudi kwao kwa adabu. Hakuna fujo, hakuna mimi kusimama mbele ya gari. Hata sheria sijavunja: nimepekua, hakuna kifungu kinachokataza mtu kulaza majani njiani.

Nimeamua. Kesho saa kumi na mbili asubuhi. Panga nimeazima kwa Bibi Tumpe. Hakuuliza la nini. Alisema tu nisijikate.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika haya mikono ikinuka sabuni na masizi. Nitaeleza kwa utaratibu.

Saa 12:10. Nikalaza matawi njia panda. Kumi na mawili, tawi moja kwa kila gari. Nikayapanga kwa unadhifu, ncha zote upande mmoja.

Ncha! Anyitike hakunieleza habari ya ncha. Huku, ncha za matawi zinaelekea nyumba yenye msiba. Zangu zilielekea ofisi ya kijiji.

Saa 1:30. Nikiwa ofisini nikasikia mtu analia. Nikachungulia. Wanawake sita, kanga viunoni, kuni kichwani, beseni za unga. Nyuma yao wanaume na majembe ya kuchimbia kaburi. Leo kijiji kizima hakuna aliyeenda shambani, kwa sababu siku ya msiba haendi mtu. Na hakuna aliyeuliza nani kafa. Hapa huulizi. Unaenda, utajulia huko huko.

Nikaingia chini ya meza.

Saa 3. Uwanja umejaa. Sauti zikaanza kuhesabu nani hayupo. Mzee Andendekisye yupo. Mtendaji yupo. Nesi yupo. Kisha sauti ya Anyitike: jamani, Kalinga yuko wapi? Akasema jana alikuwa anatetemeka huyo, akaniuliza habari za misiba. Nesi akasema, Mungu wangu, nilimwambia ni woga tu. Bibi Tumpe akapiga yowe lililonipasua moyo. Mtoto wa watu! Kafa hajaoa! Na panga langu analo!

Nilipaswa kutoka. Najua. Lakini kila dakika iliyopita ilifanya kutoka kuwe kugumu zaidi. Wakaanza kunisifu. Ati nilikuwa kijana mpole. Ati mwandiko wangu ulisomeka. Anyitike alisema sikuwahi kumkosea mtu, na nadhani alilia. Ningekatizaje?

Saa 4. Ngurumo. Magari kumi na mawili. Yakafika njia panda... yakazima! Moja baada ya jingine. Ilifaulu! Chini ya meza nilirusha ngumi hewani, nikaipiga meza.

Hawakugeuza, lakini. Walishuka, wakaja hadi uwanjani. Nikamsikia Sosthenes akiuliza marehemu ni nani. Wakamwambia ni karani, kijana wa Iringa. Akashtuka sana. Akasema huyo tumewasiliana juzi, alikuwa mtu mwema, ndiye aliyetuambia habari za matope. Akasema klabu itamsafirisha hadi Mlandege, magari yote kumi na mawili, taa zimewashwa, bure.

Mama Blandina akasema ndugu wapewe taarifa. Akampigia mama yangu. Nilimsikia akizungumza kwa huruma nyingi, kisha akasema, ndiyo mama... ndiyo mama... Baadaye alinieleza jibu. Mama alisema haiwezekani, maana Vitus hajawahi kufanya jambo kubwa namna hiyo bila kumuuliza.

Kisha mama akanipigia mimi.

Mlio wa simu yangu ni kwaya. Ulianza ghafla, sauti zote nne. Nje walidhani kwaya ya usharika imewasili, wakaanza kuitikia. Nikapokea ili niunyamazishe. Mama akafoka: Vitus! Umekufa? Nikasema hapana, mama. Akasema basi toka huko ulikojificha uwaambie watu.

Mlango ukafunguka. Anyitike akainama, tukatazamana. Akageukia uwanja, akatangaza kwa sauti ya mgambo: marehemu yuko chini ya meza, anaongea na mama yake.

Bibi Tumpe alinikumbatia. Kisha akanipiga kwa kanga. Kisha akanikumbatia tena na kudai panga. Mzee Andendekisye alisimama. Akauliza: matawi kaweka nani, na kwa kifo cha nani?

Watu mia nne wananitazama. Nilitaka kusema ni upepo. Mdomo ukasema: chanzo cha maji, mzee. Kilichokufa ni chanzo.

Hakuna aliyecheka. Bibi Tumpe alimshika Sosthenes mkono, kama anavyoshikwa mfiwa, akamvuta hadi kwenye matuta yake yaliyosagwa, kisha hadi kwenye maji. Alikaa naye huko muda mrefu. Sosthenes aliporudi alikuwa ameshika kofia. Alisema waliambiwa mjini kwamba huku juu ni pori, halina mwenyewe. Bibi Tumpe akamjibu: mwanangu, pori gani limepandwa kwa mistari?

Mama Blandina alikuwa akihesabu watu kwa kidole. Alifika mia nne thelathini na moja. Akanitazama kwa jicho la ajabu. Akasema Kalinga, lete rasimu.

Akidi! Mkutano ukafunguliwa palepale. Vifungu kumi na vinne vimepita, pamoja na zile kurasa mbili za kifungu cha 2. Mita sitini kutoka kwenye chanzo hakuna tairi. Shamba la mtu hakuna tairi bila ridhaa yake. Anayetaka matope aombe kibali, apewe shimo la zamani la kifusi, matope yapo tele na hayana mwenye kiu. Sheria itapelekwa wilayani kupata idhini, lakini klabu imesaini leo kwamba inaanza kuifuata leo. Na majembe ya kaburi yalikuwepo, kwa hiyo wale madereva kumi na wawili wakapewa, wakainua matuta ya Bibi Tumpe hadi saa kumi. Sosthenes ana malengelenge.

Kikaongezwa kifungu cha 15, kwa hoja ya Anyitike: ni marufuku mtumishi wa kijiji kuweka matawi bila marehemu. Kilipita kwa kura nyingi kuliko vyote. Nimekiandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Unga wa msiba haurudishwi nyumbani. Ukapikwa. Adhabu yangu: masufuria yote.

Jumapili, 16 Machi

Masufuria.

Mchungaji alihubiri habari ya Lazaro. Hakutaja jina langu. Hakukuwa na haja; usharika mzima uligeuka. Watoto wananiita Marehemu. Shikamoo, Marehemu.

Jumatatu, 17 Machi

Maji ya zahanati ni meupe. Nimekunywa vikombe vitatu mbele ya Anyitike.

Mama Blandina ameniongezea miezi mitatu. Alisema sijawahi kuona mjinga mwenye bahati kama wewe, na akanitaka niseme, kwa maneno yangu mwenyewe, nimejifunza nini. Nikasema nimejifunza kuwa mkweli na kuwashirikisha wananchi. Akaridhika. Akanipa kazi mpya: sheria ndogo ya mbuzi wanaozurura. Mkutano mkuu Ijumaa. Akidi ni ileile, mia tatu na kumi na mbili.

Hawatakuja. Nani ataacha shamba kwa ajili ya mbuzi?

Nimekisoma upya kifungu cha 15, neno kwa neno. Kinataja matawi. Kinataja marehemu. Hakisemi lolote kuhusu harusi.

Bwana harusi nimeshampata: Anyitike. Hajui bado. Bibi harusi nitampata kabla ya Alhamisi. Kadi ya kwanza nimeigonga muhuri.

Nimeamua.