Utelezi Anauza Pumzi

Utelezi alikuwa kwenye baraza ya zahanati, akiwauzia wagonjwa bangili za kushusha presha, ndipo aliposikia sauti iliyomfanya afunge mkoba wake. Ndani, muuguzi alikuwa akiwafundisha wenye pumu namna ya kupumua.

"Vuta taratibu kwa pua, tumbo lijae. Sasa bana midomo kama unapoza chai, utoe polepole. Itawasaidia kutulia. Lakini pampu zenu za dawa msiziache, hata siku moja."

Na alikuwa akifundisha bure. Neno hilo lilimuuma Utelezi kama jipu. Bidhaa haina ghala, haiozi, kila mtu anaihitaji, halafu watu wazima wanagawiana hivi hivi tu.

Wiki iliyofuata alikwisha kodi chumba juu ya duka la rangi, akaazima suti nyeupe na kujipa cheo: Profesa wa Pumzi. Wanafunzi walifika kumi na wawili. Maneno ya muuguzi aliyashika yote isipokuwa yale ya mwisho, ambayo aliyapindua.

"Pampu ni mkongojo," aliwaambia. "Nani amejifunza kukimbia akiwa na mkongojo mkononi? Nileteeni, nitawahifadhia."

Alizihifadhi kwa moyo safi, kwa mwuza dawa wa mtaa wa pili, aliyezinunua bila kuuliza maswali.

Mstari wa mbele aliketi fundi cherehani, mama wa makamo aliyekuwa na pumu tangu utotoni. Yeye pampu yake kila siku alidai ameisahau nyumbani, na kila siku alikuwa na neno.

"Samahani, Profesa, mabega yanapanda. Kazi ni ya tumbo."

"Hiyo ni hatua ya juu, mama. Tutafika."

Hawakufika. Siku moja harufu ya rangi ilipanda kutoka chini, na mmoja wa wanafunzi, mlinzi mzee, akaanza kukohoa, kisha kifua kikapiga filimbi.

"Bana midomo, mzee wangu," Utelezi alisema, jasho likimtoka.

Mzee alibana midomo hadi ikaanza kubadilika rangi. Pampu yake ilikwisha uzwa Jumamosi. Utelezi alitazama mlango; kwa mara ya kwanza aliona kuwa mzaha huu ungeweza kumzika mtu. Fundi hakutazama mlango. Alichomoa pampu kutoka kwenye mfuko wake wa sindano, akamketisha mzee wima, akampulizia, akapumua naye polepole hadi filimbi ikapungua. Kisha wakampeleka zahanati kwa teksi.

Utelezi alianza kufunga virago. Jioni fundi akarudi, anatabasamu.

"Mzee ni mzima. Ila zahanati wameulizia cheti chako, Profesa. Kesho saa nne anakuja bwana afya. Bahati yako, huyo ni shemeji yangu, na anapenda kushikwa mkono."

"Mkono mzito kiasi gani?"

"Ada zote ulizokusanya. Hongo nusu ni suruali ya mguu mmoja, mwalimu. Utaivaa wapi?"

Kesho yake lilikuja jitu la mtu, limevaa koti jeupe, lisilo na maneno mengi. Utelezi aliisukuma bahasha mezani. Bwana afya aliipimapima kiganjani.

"Kilo imetimia," alisema. "Sasa kaa ndani siku mbili, usionekane. Nitasafisha faili lako."

Utelezi alikaa ndani siku mbili, akila mikate mikavu. Siku ya tatu alishuka, akamuuliza mwenye duka la rangi kama bwana afya amepita tena.

"Bwana afya gani? Yule mwenye koti? Yule anauza nyama nyuma ya soko."

Alimkuta fundi kwenye cherehani yake, wale wanafunzi wengine wa pumzi wamekaa kwenye benchi, kila mmoja na pampu mpya.

"Pampu tumenunua, ada tumerudisha," fundi alisema bila kuinua macho. "Kilichobaki ni cha shemeji, kwa kufunga bucha asubuhi nzima. Kama una malalamiko, kituo cha polisi ni pale. Nitakusindikiza, na mzee hapa amesema angependa kuja."

Mlinzi aliinuka, akavaa kofia yake ya kazi.

Utelezi alikitazama kituo, akaitazama ile kofia.

"Nina safari," alisema.

Lilikuwa neno lake la kwanza la kweli tangu aingie mji ule, na kwa kuwa hakuwa na nauli, aliianza safari hiyo kwa miguu.