Asukile Aandikwe Pamoja na Fisi Maji

Kwa Bwana Samaki wa Jimbo,
Mbeya.

Kutoka kwa Andendekisye Mwakibinga,
mkulima wa kahawa na samaki,
Lugombo, Tukuyu.
Juni, 1956.

Bwana Mheshimiwa,

Ninakuamkia kwa heshima zote, nikitumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na mama wa nyumbani, pamoja na yule mbwa wako aliyelala kwenye kivuli cha mgomba wangu siku uliponiletea samaki. Sisi hapa hatujambo. Mvua imekwisha, baridi imeingia, kahawa inachumwa. Kasoro ni moja tu, na hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Utakumbuka, Bwana, kwamba mimi ndiye mtu wa kwanza katika kijiji chetu kukubali kuchimba bwawa nyuma ya nyumba. Wenzangu walisema kazi ya samaki ni kukaa ziwani, na kazi ya mtu ni kumnunua. Mimi nikasema, ikiwa ng'ombe mwenye pembe amekubali kufugwa, samaki ni nani hata akatae? Nikachimba mahali palipokuwa na magimbi ya mke wangu Atuganile, maana ndipo kijito kinapopita na maji yake ni baridi kama ulivyoagiza. Upande wa juu, penye maji yanayokimbia, nikaweka trauti wako wenye madoadoa. Upande wa chini, penye jua na maji yaliyotulia, nikaweka wale wenye mdomo mpana waitwao besi, ambao rafiki yangu Liberatus aliniletea kutoka bwawa la shamba la chai kule Iringa. Walisafiri juu ya lori ndani ya debe, na walipofika walikuwa na afya kuliko Liberatus. Katikati nikasimamisha uzio wa mianzi ili makabila hayo mawili yasiingiliane. Siku ile Atuganile alisema neno moja tu, kwamba magimbi yake yalikuwa yakiliwa. Sikulitia maanani.

Sasa malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Trauti wanapungua. Ulipowaleta walikuwa kama kidole, nami nimewalea kwa mchwa na makombo ya ugali mpaka wakafikia urefu wa kiatu changu cha kanisani. Zamani nilipotupa mchwa asubuhi, maji yote yalichemka. Siku hizi wanakuja wachache, tena kwa adabu, kama watu waliofika kwenye msiba wa mtu wasiyemjua. Mimi mwenyewe sijaonja hata mmoja. Nimeapa mbele ya wazee kwamba trauti wa Lugombo hataliwa mpaka wewe uje kulifungua bwawa baada ya mavuno ya kahawa, na mchungaji aombe. Kijiji kizima kimealikwa. Ndiyo hofu yangu, Bwana. Nakuona umesimama mbele ya watu wote, umetupa ndoano, nayo inarudi na jani.

2. Nilianza kwa kuwashuku besi, kwa sababu ya ule mdomo. Nikasema mtu hawezi kuumbiwa mdomo wa namna ile kwa ajili ya kusalimia tu. Nikamkamata aliye mkubwa kuliko wote, nikampasua mbele ya mashahidi. Tumboni alikuwa na chura, na chini ya chura alikuwa na mtoto wake mwenyewe, besi mdogo, mzima kabisa, akitutazama. Trauti hata mmoja hakuonekana. Basi ilinibidi kumwondolea shtaka akiwa amekwisha kufa. Tulimzika chini ya mti wa kahawa, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyetaka kumla mzazi wa aina hiyo.

3. Nikamshuku korongo. Nikasimamisha sanamu ya mtu ukingoni na kuivika koti langu la harusi. Korongo alikuja, akasimama juu ya bega la koti, akalichafua, akaenda zake. Hata hivyo sikumwona akiwa na samaki. Nikamshuku fisi maji pia, lakini yule mnyama huacha nyayo na magamba, na ukingo wangu ni safi kama umefagiliwa. Baadaye niligundua kwamba kweli umefagiliwa. Mke wa mwanangu ni msichana mwenye bidii sana.

4. Basi nikaamua kulinda mwenyewe. Tangu Pasaka ninakaa bwawani kuanzia alfajiri mpaka giza, juu ya kigoda, na mkuki magotini. Hakuna kiumbe kinachoweza kupita bila mimi kukiona. Ninaondoka hapo kwa sababu moja tu, na hiyo ni ya heshima, ambayo wewe kama mgeni yafaa nikueleze. Kwetu sisi Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Mwanangu Jailos yuko Chunya kwenye dhahabu, na mkewe anakaa nasi. Jina lake silitaji, na langu yeye hathubutu kulitamka. Tukikaribia kukutana njiani, yeye hukimbilia migombani. Lakini maji ya nyumbani yanachotwa papo hapo ninapolinda, na si haki mtoto wa watu ashinde migombani na debe kichwani akingoja mzee ashibe kutazama samaki. Kwa hiyo nimejishusha. Akija, anakohoa kule nyuma ya migomba, nami nainuka haraka, naenda nyuma ya banda la kahawa, nageukia ukuta. Akimaliza, anakohoa tena, nami narudi. Katika kijiji chote hakuna baba mkwe anayemkimbia mkamwana wake kwa moyo kama mimi. Nashangaa tu jinsi msichana huyu anavyopenda maji. Kuna siku nashinda ukutani kuliko kigodani.

5. Hili linahusu ubora wa samaki wenyewe, na nakuomba usikasirike. Atuganile hununua sokoni samaki wa ziwa, wanaopanda kutoka Kyela, na mkamwana huwapika na ndizi mbichi na nyanya. Bwana! Nyama yake ni laini, ina wekundu kwa mbali, na mifupa yake inatoka yenyewe bila ugomvi. Nikimaliza nalamba vidole mbele ya wageni bila haya. Mkanda wangu nimekwisha kuuongezea tundu. Sasa nauliza kwa unyenyekevu: kwa nini Serikali ilihangaika kutuletea trauti kutoka Ulaya, samaki mwenye deko la kutaka maji baridi, hali ziwa letu linazaa samaki mtamu kiasi hiki bila kulindwa na mtu yeyote? Ukipata nafasi, tafadhali mchunguze huyo samaki wa ziwa, kisha utuletee mbegu yake.

6. Nimefika kwenye lile lililo zito kuliko yote. Mwizi ni jirani yangu Asukile.

Usidhani nasema kwa chuki. Asukile na mimi tulichunga ng'ombe za baba zetu pamoja. Tulipokua tulijenga vibanda vyetu pamoja na vijana wa rika letu, kama desturi ilivyokuwa, na hatujatengana tangu hapo. Nilipofiwa na mama, yeye ndiye aliyeshika jembe. Lakini ushahidi ni ushahidi. Kwanza, ndiye mtu pekee aliyelisifu bwawa langu. Pili, alikuwa akija kila jioni kuwatazama samaki, ingawa alidai anawaogopa. Maneno yake hasa yalikuwa: "Ndugu yangu, hawa wa madoadoa mimi siwezi kuwala, naona kama wana surua." Mtu asiyefikiria kula samaki atasemaje kwamba hawezi kumla? Tatu, upepo ukivuma kutoka upande wa nyumba yake huja na harufu ya samaki wa kukaanga. Ni kweli jiko langu nalo liko upande huo huo, lakini jiko langu nalijua. Nne, nilipomwuliza kama ananiibia, alicheka. Mtu asiye na hatia angekasirika. Nikamwuliza mara ya pili, akakasirika. Mtu asiye na hatia angecheka.

Tangu siku ile haji tena. Kigoda chake kipo ukingoni, kitupu, na mtungi wa togwa naumaliza peke yangu mpaka unanichachia. Nasema wazi kwamba jioni zimekuwa ndefu. Tena yeye ndiye anikataye nywele, na sasa zimefika masikioni hata mchungaji ananitazama. Mtu huyu ameniibia samaki, na juu yake ameniachia upweke. Hilo la pili ndilo linaloniuma zaidi.

Kwa hiyo, Bwana, naomba yafuatayo. Nasikia ofisi yako ina orodha ya wanyama waharibifu wa samaki. Naomba Asukile aandikwe humo, baina ya fisi maji na nyani, kwa hati nzuri. Sitaki apigwe risasi, maana watoto wake wananiita baba. Aandikwe tu, apewe nakala, aisome. Ikiwa sheria haina nafasi ya mtu, basi kijito kihamishwe kipite mbali na nyumba yake, au milima isogezwe ikiwa hilo ndilo jepesi. Ikiwa hayo yote ni mazito, Asukile ahamishiwe Rujewa, akakae kwa wakulima wa mpunga na mbu wao mpaka siku ya ufunguzi. Lakini arudishwe kabla ya Krismasi, kwa sababu ya nywele.

Nakomea hapa nisije nikakuchosha. Nisalimie mama wa nyumbani, makarani wote wa ofisini, dereva aliyekwama na lori kwetu, na mbwa. Liberatus akipita Mbeya, mwambie besi wake wazima isipokuwa mmoja. Atuganile anakusalimu, na mkamwana pia anakusalimu, kwa kupitia Atuganile.

Ni mimi mwaminifu wako katika shauri la samaki,
Andendekisye Mwakibinga

Nyongeza. Bwana, usifanye lolote kati ya hayo niliyoomba.

Kabla ya kuifunga barua hii nilimsomea Atuganile, kwa kuwa anapenda kusikia Kiswahili changu cha ofisini. Nilipofika penye kikohozi alijifunika uso kwa kanga. Nilipofika kwa samaki wa ziwa alikuwa amekwisha lala chini mkekani, na nyuma ya ukuta wa jiko kukatokea kicheko kingine, ambacho sijapata kukisikia maishani kwa kuwa kwa desturi hakinihusu. Ndipo mke wangu akafuta machozi akasema: "Baba Jailos, samaki wa ziwa gani? Ziwa lenyewe si hilo hapo nyuma?"

Kumbe kikohozi kikilia debe linakwenda kwenye maji, na kikapu kinakwenda kwa trauti. Atuganile ndiye aliyeamuru. Anasema alijiahidi tangu mwanzo kwamba mahali pale patatoa kitu cha kuliwa, kama si magimbi basi samaki. Nilipouliza kwa kupitia yeye kama mkamwana haoni haya, jibu lilirudi kwa kupitia yeye kwamba mtoto alidhani nimeruhusu. Alisema hajaona baba mkwe anayekimbia kwa furaha vile, akaona hiyo ndiyo ruhusa yenyewe. Nikasema ndaga, yaani asante, maana chakula kilikuwa kitamu kweli.

Basi kiapo changu kwa wazee kilivunjika zamani, na aliyekula trauti kuliko kiumbe chochote wilayani ni mimi. Ile nafasi baina ya fisi maji na nyani, niandike mimi.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Asukile na jogoo mikononi. Nilimweleza yote na sikubakiza kitu. Alinisikiliza, akaniambia, "Kaa," akachukua mkasi. Sijui kama nimewahi kuufurahia mkasi kiasi kile. Alinikata vizuri upande mmoja mpaka nyuma ya sikio, kisha akaufunga mkasi kwenye kitambaa. Amesema upande wa pili ataumalizia siku ya ufunguzi, akiisha kuonja trauti mbele yako na mbele ya mchungaji. Kabla ya hapo hataki hata kumnusa, asije akaandikwa.

Katika bwawa wamebaki wachache, na Atuganile ana wageni Jumamosi. Kwa hiyo, Bwana, nakusihi ulete trauti wengine upesi, wakubwa wakubwa, na ufunguzi ufanywe mapema. Kanisani mwanamume haruhusiwi kuvaa kofia.