Nguo Namba Moja

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimezindua Mkumbushi, toleo la kwanza. Waliohudhuria: mimi. Ni programu ya kompyuta ya kukumbuka nguo ipi ni ya nani, hapa dukani kwetu tunapofua na kupiga pasi. Zamani mwenzangu alikumbuka kwa kichwa. Akiona kola tu, anamtaja mwenyewe na anachogombania na mkewe. Tangu atutoke, nimeshampa fundi bomba suti ya mwalimu wa michezo, na mwalimu ovaroli ya fundi bomba. Wote wawili walizivaa kwanza, wakalalamika baadaye.

Kuandika programu nimejifunza kwenye kitabu cha mtumba alichoninunulia yeye. Sura ya mwisho imechanika. Yaliyomo yanasema ilihusu kurekebisha makosa. Sijaihitaji.

Kwa majaribio nimeingiza nguo moja: sweta lake la kijani, ambalo bado liko kwenye kamba ya uani. Namba ya simu, nimeweka yake. Simu yenyewe iko kwenye droo ya kaunta. Huwa naichaji. Kwa majaribio.

Nguo ikiwa tayari, Mkumbushi anamtumia mwenyewe maneno ambayo mwenzangu alizoea kuwaambia wateja: "Nguo yako imekukumbuka. Njoo uichukue." Nikabonyeza. Droo ikalia. Mafanikio!

Jumanne, 4 Machi

Shemeji amekuja. Ni kaka wa mwenzangu, na nusu ya duka ni yake. Hakukaa. Alisema wateja wanakwisha, na kuna mtu anakitaka chumba hiki auzie magodoro. Kamzuia hadi Jumamosi. Nikipata kazi ya mashuka ya nyumba ya wageni pale kwenye kona, duka linabaki. Nikikosa, magodoro.

Nilimwonyesha Mkumbushi. Akauliza kama anajua kupiga pasi.

Ana wivu.

Jumatano, 5 Machi

Toleo la pili! Sasa kila mteja ana orodha yake, inayoanza na namba moja, ili suti isiende tena kwa fundi bomba. Na ujumbe unajirudia kila saa mpaka mtu aje. Bandu bandu humaliza gogo.

Mchana kaja mwalimu wa michezo, nyuma yake mkewe. Kumbe simu ya mwalimu hukaa na mkewe. Mama huyo alitaka kuona hiyo nguo inayomkumbuka mumewe kila saa, na inamkumbuka kwa lipi. Nikampa kaptura. Akaigeuza, akainusa, akakubali kwamba ni kaptura. Mengine hakukubali. Mwalimu alipokuwa akitoka aliniomba kwa sauti ya chini nisimkumbuke tena.

Droo nayo imelia kutwa nzima. Sikuizima. Mtu unazoea.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda nyumba ya wageni. Mwenyewe, Mama Wageni, alikuwa mapokezi akigombana na kitasa. Alinieleza kuwa amechoka na madobi wa kesho, kesho. Nikamtajia Mkumbushi: kila jioni anaonyesha nguo ngapi zimebaki dukani. Hapo akaacha kitasa.

"Baba, mimi nataka sifuri," akasema. "Hadithi ninazo nyumbani."

Kesho ataleta mzigo wa majaribio. Jioni atakuja na Shemeji, waione hiyo sifuri kwa macho yao.

Nikarudi mbio kuandika toleo la tatu, la kuhesabu. Kisha nikazungusha nguo zote za watu, nyumba kwa nyumba, ili duka liwe tupu. Fundi bomba alipokea ovaroli yake akiwa chini ya sinki. Nikarudi, nikatazama. Zimebaki: 1.

Sweta.

Dawa yake ni kitufe kilichoandikwa "Imechukuliwa". Nilikitengeneza mwenyewe. Nikapeleka kidole. Halafu nikakumbuka kwamba kifungo cha tatu cha sweta kimelegea. Mwenzangu hakuwa akimkabidhi mtu nguo yenye kifungo kilicholegea. Alikuwa na kikopo cha vifungo, na alipokuwa akitunga uzi alifumba jicho moja, kila mara lile lisilo sahihi, kisha anacheka na kufumba la pili.

Nikaondoa kidole. Kanuni ni kanuni.

Ijumaa, 7 Machi

Toleo la nne. Suluhisho rahisi hata naona haya kuliandika: nimemwamuru Mkumbushi asihesabu nguo namba moja. Basi. Sweta linabaki kambani, hesabu inakuwa safi, hakuna aliyeumia.

Mzigo umeletwa asubuhi. Suruali ya mgeni mmoja, mashuka, foronya, mataulo. Nikaviingiza kwa mpangilio huohuo. Nimefua mpaka vidole vimekunjamana.

Jioni mzigo ukaondoka. Mama Wageni na Shemeji wakasimama mbele ya skrini. Zimebaki: 0. Mama Wageni akasema hapo sasa tunaongea. Shemeji aliitazama ile sifuri kama mtu aliyeona mbuzi anapanda ngazi.

Huu ndio ushindi. Nimejinunulia soda.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi na mapema wamekuja Mama Wageni, Shemeji, na bwana mmoja aliyejifunga taulo. Yule bwana alikuwa na usaili wa kazi. Suruali yake hakuiona. Taulo lilikuwa jeupe mno, nimelifua mimi. Hakuna aliyeligusia.

Suruali ilikuwa nyuma ya mlango, kwenye msumari. Skrini ilikuwa inaonyesha sifuri. Mama Wageni akatazama huku, akatazama kule, akaomba aelezwe kwa lugha ya watu. Nikaeleza kuwa nguo namba moja haihesabiwi. Na hapo, nikiwa katikati ya sentensi, ndipo nilipogundua kuwa kila mteja ana namba moja yake.

Akauliza ni namba moja gani hasa niliyokuwa naificha.

Droo ikalia.

Shemeji akaifungua. Akausoma ujumbe kwenye simu, na jina la dada yake lililo juu yake. Akatoka uani, akakaa huko kidogo. Aliporudi hakunitazama.

"Shemeji, sweta nilichukue mimi?"

Nikamwambia kifungo bado hakijashonwa.

"Basi kishone. Sina haraka."

Yule bwana akaomba ruhusa avae suruali yake, akaenda kuvaa nyuma ya meza ya pasi. Akasema imenyooka vizuri, akaondoka mbio.

Mama Wageni alisema mashuka hanipi ng'o. Lakini anayo mapazia, vyumba vyote, kila mwezi. "Mapazia hayaendi kwenye usaili," akasema. Shemeji akasema mapazia nayo ni nguo, na magodoro yatafute chumba kingine. Sharti moja: vitambulisho vya karatasi kwenye kila nguo, kalamu, na kompyuta ipumzike.

Nikaahidi. Kwa moyo wote.

Jumapili, 9 Machi

Nimeshona kifungo. Kisha nikakikata. Uzi haukuwa kijani chenyewe. Nitaulizia madukani, pole pole.

Vitambulisho vya mapazia nimeviandika kwa kalamu, kama nilivyoahidi. Halafu nimeviingiza kwenye kompyuta, kwa usalama tu.

Toleo la tano limetoka! Nimeongeza hali mpya: "Inakauka." Nguo inayokauka haihesabiwi, haidaiwi, na haina siku ya mwisho. Nimeliweka sweta humo. Ni kweli liko kambani.

Kasoro ni moja, ndogo: mapazia yote ya Mama Wageni nayo yanakauka, na bado hajayaleta. Zimebaki: 0. Nadhani sura ya mwisho ilikuwa na neno kuhusu hilo.

Simu imejaa chaji. Nimeirudisha kwenye droo.