Vikaratasi vya Õie na Neno "Ja"

Jumatatu, 8 Julai

Barua kutoka Tartu, mji wa wasomi huko bara! Watu wa kamusi. Nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena. Wanasema kamusi ya lugha ya kisiwa chetu iko karibu kuchapwa, na kwamba wakusanyaji bora wa maneno hapa Hiiumaa ni wawili: mimi, Kaljo, na Helmi wa nyumba ya pili. Atakayeshinda jina lake litawekwa ukurasa wa kwanza. Peke yake!

Neno la kuamua ushindi ni fupi kuliko yote: ja. Kwetu sisi na kwa Wafini maana yake ni "na". Mjerumani na Mswidi wakisema ja, ni "ndiyo". Mrusi na Mpolandi, "mimi". Mlatvia hapo ng'ambo, "ikiwa". Watu wa kamusi wanataka kujua wazee wetu walilitumiaje, na walisema limetoka wapi. Tuandike tulivyosikia, kila habari na kikaratasi chake, jina la msemaji na mwaka.

Sasa niandike jambo ambalo siwezi kulisema popote pengine. Vikaratasi vyangu si vyangu. Ni vya marehemu mke wangu, Õie. Miaka arobaini na moja alikuwa akiwafuata wazee na penseli yake, nami nikimcheka. Nilimwambia anachota maji kwa pakacha. Alipofariki aliacha visanduku vitatu vya viatu vimejaa. Tangu hapo nanakili kwa mwandiko wangu, natia jina langu, napeleka posta. Nasifiwa sana. Naona haya, lakini si kiasi cha kuacha.

Jumanne, 9 Julai

Nimepekua visanduku vyote. Kuhusu ja, Õie aliacha kikaratasi kimoja tu. Kimoja! Nimekinakili haraka bila kukitafakari, nikibadili tu maneno yaliyoonyesha kwamba mwandishi ni mwanamke.

Helmi, ambaye alikuwa karani wa posta na hajaacha kujua mambo ya watu, ameniambia juu ya ua kwamba yeye amepeleka vikaratasi arobaini. Akaongeza kwamba amekwisha shona gauni la sherehe. La kijani. Sikulala mchana kwa hasira.

Basi nimetunga. Vikaratasi kumi na viwili kabla viazi havijaiva. Msemaji wangu ni Priidu, mhunzi wa zamani wa kijiji. Wasomi wanadai sisi tuliazima ja kutoka kwa Wajerumani wa kale. Priidu wangu anasema sivyo! Anasema mkulima wetu alikuwa akimpelekea mwinyi wa Kijerumani gunia la shayiri, anasema ja, yaani "na", anaweka la pili. Mwinyi akaona neno hili linaleta magunia, akalipenda, akalifanya "ndiyo" yake. Kutoka kwetu likasambaa Ulaya nzima. Nikaandika kwamba Priidu aliniambia hayo kwa kinywa chake mwaka 1962, tukila samaki wa moshi. Samaki alinipendeza sana. Nimeendesha baiskeli hadi posta nikiimba.

Alhamisi, 11 Julai

Simu kutoka Tartu. Dokta Kärt mwenyewe, mkuu wa kamusi. Sauti ilikuwa ikimtetemeka kwa furaha. Amesema hajapata kuona habari kama ya Priidu. Anakuja Jumapili hii, sikukuu yetu ya makaburi, maana siku hiyo kijiji chote kitakuwa hapo na anataka kulipiga picha kaburi la mhunzi kwa ajili ya kitabu.

Nimemwambia karibu sana. Nimekata simu. Nimekunywa maji vikombe vitatu.

Ijumaa, 12 Julai

Nimekwenda kulitazama kaburi. Jiwe linasema Priidu alifariki mwaka 1938. Mimi nimezaliwa 1951.

Kila Jumapili ya maisha yangu nimepita mbele ya jiwe lile! Kila Jumapili!

Jumamosi, 13 Julai

Nimepata dawa. Nimekwangua kuvumwani kwenye ukuta wa kanisa, ule uoto wa kijani unaopenda mawe, nikapika uji mzito wa unga, nikaubandika uoto kwa uji huo juu ya mwaka wa kufa. Umekaa vizuri mno. Jiwe likaonekana limezeeka kwa heshima.

Nilipokuwa nikiosha mikono nikamkuta Helmi nyuma yangu na reki yake. Akaniuliza nafanya nini kwenye kaburi la watu. Nikasema namsaidia mhunzi. Akatazama uji. Akatazama upande wa pili, kwenye kaburi la Õie, ambako majani yamefika magotini na mchanga haujapigwa reki, kama ilivyo desturi yetu, tangu mwaka jana. Kisha akaendelea na reki yake. Afadhali angenitukana.

Nilitaka kulisafisha hapohapo. Lakini reki ilikuwa moja, na ilikuwa yake. Nikaenda nyumbani.

Jumapili, 14 Julai

Natamani siku hii ing'olewe kwenye kalenda.

Nimefika makaburini saa nne, shati jeupe. Watu tele, waliotoka bara kwa feri wamekuja na ndoo, brashi na maua. Ndiyo, ndoo na brashi! Sikukuu ya makaburi kila mtu husugua jiwe la mtu wake. Najua hilo tangu nikiwa mtoto, na bado nimebandika uoto juu ya jiwe siku moja kabla. Wajukuu wa Priidu walikuwa wamelisugua likang'aa. Mwaka 1938 ungesomeka hata kutoka kwenye feri.

Dokta Kärt akafika na kamera. Ni mama wa makamo, mpole, jambo ambalo lilizidisha adhabu. Akasoma jiwe. Akahesabu kwa vidole. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, watu wasisikie, nilikuwa na umri gani nilipokula samaki na marehemu. Nikajibu kwamba nilikuwa mdogo sana. Akasema naam, ungelikuwa mdogo sana.

Nilidhani imekwisha. Njia ya mwongo ni fupi, nami nilikuwa nimefika mwisho wa yangu. Kumbe dokta hakuja kwa ajili ya Priidu tu. Alisema hiyo atairudisha na hatasema kitu. Kilichomleta hasa, kilichomfanya ashindwe kufanya kazi siku nzima, ni kikaratasi cha kumi na tatu. Kile nilichonakili haraka. Akakisoma pale mbele ya watu, kwa kuwa alidhani ananipa heshima:

"Ja. Husemwa na mzee mmoja wa kijijini kila baada ya chakula cha jioni. Huweka kijiko chini, husema 'Na...' kana kwamba ana neno la kumwambia mkewe. Kisha hasemi, huondoka. Mkewe humngoja."

Akaniuliza huyo mzee ni nani.

Helmi akaweka reki chini.

"Mama, hicho ni kikaratasi cha Õie," akamwambia dokta. "Alinisomea jikoni kwangu alipokiandika, tukacheka, halafu yeye akaacha kucheka. Yeye aliandika 'mume wangu'. Huyu hapa ndiye mume."

Watu wote wakanigeukia, brashi mkononi. Dokta akauliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Akauliza na vile vingine vya miaka yote. Nikasema vyote. Sauti yangu sikuijua.

"Kaljo," Helmi akaniambia, "alikungoja miaka arobaini na moja. Ulitaka kumwambia nini?"

Sikujua. Naapa sijui. Pengine nilitaka kusema viazi vilikuwa vitamu. Nikachukua reki yake bila kuomba, nikapiga mchanga wa kaburi la Õie nikiwa nimeinama, ili nisitazamwe usoni. Hakuna aliyenizuia wala aliyenisaidia.

Jumatatu, 15 Julai

Dokta Kärt amekuja hadi langoni kabla ya feri. Amesema Helmi amejitoa katika shindano kwa hiari yake. Jina la ukurasa wa kwanza litakuwa la Õie, iwapo nitatia saini kukiri kwamba vikaratasi vyote ni vyake. Nimetia. Nimempa na visanduku vitatu avichukue.

Alipokwenda nililia mezani, mbele ya mkate mweusi, mtu mzima mimi. Nimeona aibu ambayo sijapata kuiona. Nimeapa mbele ya picha ya Õie: sitasema uongo tena, hata wa hali ya hewa.

Jumanne nitampelekea Helmi jordgubbar za bustani. Hapana, hilo ni neno la Waswidi. Stroberi.

Alhamisi, 18 Julai

Barua fupi ya dokta. Anashukuru. Anauliza, kwa upole wake ule, iwapo marehemu aliacha kikaratasi kingine chochote kuhusu ja, maana kile kimoja ni kizuri mno na msomaji atataka kujua zaidi juu ya wale wawili.

Kwa kweli hakuacha. Nimetafuta hata chini ya kitanda.

Lakini nimetafakari. Ukurasa wa kwanza ni jina lake, sawa, nimekubali, ni haki yake. Ila ukurasa wa ndani nimo mimi, milele, nikiweka kijiko chini na kuondoka! Watakaosoma baada ya miaka mia watanijua kwa hilo tu. Na yeye je, atapenda kujulikana kama mke aliyengoja bure? Ni kwa heshima yake.

Mwandiko wake si mgumu, herufi zimeinama kidogo kulia. Kufikia saa sita nimemaliza vinne. Katika vyote mume anasema "na", kisha anaendelea, anamwambia mkewe maneno mazuri marefu, na mkewe anafurahi. Cha nne kina samaki wa moshi.

Nimevichovya katika chai vipate uzee, nikavibana kwenye kamba ya nguo vikauke. Helmi amechungulia juu ya ua, akauliza ni nini vile vidogo vidogo ninavyoanika. Nimemwambia ni leso.