Tableti Ilipomtangaza Mama Filimbi

Leo nimeadhirika. Tena mbele ya watoto hamsini wa darasa la nne!

Nafundisha Kiswahili shule moja ya msingi hapa Kisenyi. Tumeletewa tableti, moja kwa watoto wanne, zenye mchezo wa kuwafundisha kushirikiana. Kila mtoto anashika kona yake, na kila kona ina silabi. Ba. Ra. Ba. Ra. Wakibonyeza kwa zamu, daraja linajengeka. Mmoja akiwa na kiherehere, wote wanatumbukia mtoni.

Jumamosi nilibeba moja nyumbani Makindye nifanye mazoezi. Mchezo ukadai majina ya wachezaji wanne. Na mimi niko peke yangu! Nikajiandika Malkia Zaina. Wa pili nikamwita Chapati Mbili (naibu mwalimu mkuu wetu, kwa heshima zote). Wa tatu Mzee Kesho, mtunza stoo. Wa nne Mama Filimbi. Huyo ni mwalimu mkuu, filimbi haimtoki shingoni. Mikono yangu ikawachezea watatu. Mama Filimbi nikambonyezea kwa kidole gumba cha mguu. (Msiniulize nilikaaje.)

Leo mwalimu mkuu akaja kutazama. Nikatoa kifua mbele: "Madam, katika mchezo huu hakuna anayeshinda peke yake!"

"Vizuri sana. Basi na mimi nicheze. Wewe pia kaa."

Akajibana kwenye benchi la mbele, kati ya watoto wawili. Mmoja wao ni Shamim, msichana ambaye hajazaliwa wa kumnyamazisha. Shamim akawasha tableti. Ile ile ya Jumamosi.

"KARIBUNI TENA!" ikapaza sauti. "Malkia Zaina, hongera! Chapati Mbili, Mzee Kesho, safi sana! Mama Filimbi, umechelewa tena! Wenzako wanakusubiri!"

Macho yote yakatua shingoni mwa Madam.

Nikakimbilia kupunguza sauti. Nikabonyeza pa kuongeza. (Mimi na bahati!) "MAMA FILIMBI, AMKA!"

"Mwalimu Zaina," akaniuliza polepole, "huyu Mama Filimbi ni nani?"

"Ni... ni mtu wa mchezoni, Madam. Alikuja nao."

"Na Malkia Zaina alikuja nao?"

Nikajifanya nafuta vumbi kwenye tableti.

"Tucheze," akasema.

Kwa kiherehere, kidole changu kikarukia kona ya Madam. Mtoni! Mara ya pili, mtoni tena. Mara ya tatu Shamim akanichapa kikofi mkononi:

"Ticha, toa mkono! Hiyo ni zamu ya Mama Filimbi!"

Darasa likapasuka kwa kicheko. Madam akajaribu kukaza uso, akashindwa, akacheka hadi akatafuta leso. Nikadhani nimepona. Alipofika mlangoni akageuka:

"Saa nane, ofisini kwangu. Nitamwita na naibu, na mtunza stoo."

Naandika haya nikiwa mlangoni kwake. Niombeeni dua kwanza, mtacheka baadaye.