Mbuzi wa Baba Mkwe

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Githongo. Baridi na ukungu tangu asubuhi. Baba mkwe anakuja kesho! Mzee Njoka, kutoka Kibugu kule Embu. Atakaa nasi hadi Jumapili. Ni mara ya kwanza tangu mama mkwe, Wanjira, azikwe mwaka jana.

Mke wangu Joyline amenipa amri moja tu: nisimhubirie baba yake habari za mboga. Hata neno moja. Nimekubali.

Niandike wazi, kwa kuwa hakuna anayesoma daftari hili. Mimi ni vegan. Sili nyama, maziwa wala mayai, mwezi wa saba sasa. Tulimuuza ng'ombe wetu mzee katika soko la Mikinduri. Nilipoanza kuondoka, akanifuata hadi kamba ikaisha, akidhani nimemsahau. Basi. Tangu siku hiyo nyama haipiti kooni. Shida ni kwamba naitwa Kithinji, na kwa Kimeru hilo ni jina la mchinjaji. Mbaabu, mwenye bucha hapa sokoni, hunisalimia kila asubuhi kwa kuuliza leo nimechinja kabichi ngapi.

Hata hivyo. Nimeahidi kutosema. Sikuahidi kutotenda. Kufikia Jumapili Mzee Njoka atakuwa ameacha nyama mwenyewe, bila ugomvi, bila hata kujua. Nina Mpango!

Jumanne, 12 Agosti

Balaa! Mzee amekuja na mbuzi. Dume jeupe, nene, limeshuka kwenye pickup ya jirani yake kama mheshimiwa.

Kwa desturi mkwe ndiye humpelekea baba mkwe mbuzi. Sijawahi kusikia mbuzi akisafiri upande huu. Mzee alieleza akiwa ameshika kofia mkononi. Wakati wa mazishi nilikaa naye siku nne. Nilichota maji, nikapasua kuni, nikalala kwenye kiti. Hakupata nafasi ya kunishukuru. Huyu mbuzi amemlisha kwa mkono wake miezi minane. Achinjwe Jumamosi, watu waitwe, na mimi nile wa kwanza.

Nilisema asante. Nilisema mara tano. Ningesema nini kingine?

Chakula cha jioni kilikuwa kuku. Nilihamisha vipande vyangu vyote hadi kwenye sahani ya Mzee. Akasema hajawahi kuona mkwe mwenye heshima namna hii. Joyline alinikanyaga chini ya meza. Kidole bado kinauma.

Jumatano, 13 Agosti

Nimechukua likizo katika ofisi ya chama cha kahawa ili nishughulikie Mpango. Leo: nyama ya soya, ile ya pakiti. Niliikaanga na kitunguu, nyanya na dania. Ilinukia hadi barabarani!

Mzee alitafuna. Akatafuna tena. Kipande kimoja kilimchukua taarifa ya habari nzima, pamoja na michezo. Kisha akauliza kwa upole kama huyu ng'ombe alichinjwa au alikufa mwenyewe.

Nikasema nyama ni ya Mbaabu.

Kosa kubwa. Alasiri Mzee alienda sokoni kunyoosha miguu, akapitia buchani, na kwa nia njema kabisa akamshauri Mbaabu aache kununua ng'ombe wagonjwa. Mbaabu alifika kwangu akiwa bado na aproni, mishipa ya shingo imesimama. Eti nimemharibia jina mbele ya wateja watatu! Ili kumtuliza nimenunua kwake kilo tatu za nyama. Mimi! Kampeni ya kuondoa nyama nyumbani imeingiza kilo tatu. Friji haifungi.

Alhamisi, 14 Agosti

Wazo jipya. Mtu hawezi kumla mnyama aliyempa jina. Nilimpeleka Mzee bandani, na kama mzaha nikamwomba ampe mbuzi jina. Akasema analo tayari. Anaitwa Kithinji, kwa sababu ni wangu.

Nikauliza kama si vigumu kuchinja mnyama mwenye jina. Alinitazama kwa huruma.

"Mwanangu, mbuzi wangu wote walikuwa na majina. Na wote walikuwa watamu."

Lakini jioni, habari njema! Mzee aliacha nyama kwenye sahani. Nikakumbuka kwamba jana pia aliacha. Na juzi kuku wote, wake na wangu, alimrushia mbwa nje ya mlango. Nilimwona! Anageuka! Nilimkimbilia Joyline jikoni nikamwambia Mpango umeanza kuzaa matunda.

Joyline hakucheka. Aliweka mwiko chini. Akasema baba yake hajageuka kitu. Hali chakula tangu mama afariki. Nimeuona mshipi wake? Ametoboa matundu mapya matatu kwa msumari. Ndiyo maana Joyline alimwita huku. Alifikiri labda atakula akiwa kati ya watu.

Sikuwa nimeuona mshipi. Siku tatu nzima nilikuwa natazama sahani.

Siandiki zaidi leo.

Ijumaa, 15 Agosti

Joyline alienda Meru mjini kununua vitu vya kesho. Tulibaki mimi na Mzee. Hakuna mpango leo. Sikuwa na moyo. Nilikuwa najipikia chakula changu tu: ndizi mbichi na njahi, yale maharagwe meusi, niviponde pamoja viwe mukimo, nile na parachichi.

Mzee akatokea mlangoni. Wazee wa kwao hawaingii jikoni kwa mkwe. Alisimama hapo kitambo, akiniangalia.

"Unaponda kama unamwadhibu mtu," akasema.

Akavuta kiti kidogo, akaketi, akaniambia hivyo sivyo. Wanjira alitia majani ya malenge. Aliyachemsha kando kwanza, akayakamua, ndipo akayachanganya. Nikatoka mbio shambani kuyachuma. Nikarudi nikafanya alivyosema. Akaona bado nakosea. Akavua koti, akachukua mwiko mkononi mwangu, akaponda mwenyewe. Pole pole, akizungusha. Akaonja kwa ncha ya kidole.

Akala sahani nzima. Akaongeza. Nilihesabu: mbili na nusu.

"Tangu tumzike," akasema, "kila nyumba ninayoingia wananichinjia kuku. Ni watu wazuri. Lakini wananilisha kama mgeni. Hakuna anayenipa chakula cha nyumbani."

Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke. Yangu nilisingizia moshi. Tunapikia gesi.

Kisha akaniuliza ni tangu lini sili nyama. Nilitaka kukana. Akasema mkwe anayekupa nyama yake siku tatu mfululizo ama anataka shamba, ama hali nyama. Na habari za shamba sikuwa nimemuuliza. Mbona sikusema? Nikamwambia Joyline alinikataza. Alicheka hadi akakohoa.

Nikamsimulia habari ya yule ng'ombe. Yeye hakunicheka kama wengine. Aliuliza alikuwa wa rangi gani. Nikamwambia: kahawia, paji jeupe. Akaitikia kwa kichwa kana kwamba anamfahamu.

"Na mbuzi, Baba?" nikauliza.

"Mbuzi nilishakupa. Ukimchinja ni wako, ukimfuga ni wako. Nilitaka tu ujue kwamba kuni zile ulizopasua niliziona."

Jumamosi, 16 Agosti

Wageni kumi na tisa. Mbaabu alifika asubuhi na visu vyake vitatu, vimenolewa. Mzee akamjulisha kwamba mwenye mbuzi ameamua kumfuga. Mbaabu akasema katika miaka ishirini ya kazi hajawahi kuitwa kuchinja akaambiwa aketi. Akaketi.

Zile kilo tatu za friji zilipikwa kwa wageni. Pia tulipika sufuria kubwa ya mukimo, Mzee akiwa msimamizi, akiamuru hata wajomba wa watu. Mbaabu alikula sahani tatu za mukimo. Alipomaliza akatangaza kwamba umekosa kitu kimoja tu: nyama. Nilifungua mdomo. Joyline akanitazama. Nikaufunga.

Mzee alikula na watu. Mukimo, kabichi, hata kipande cha nyama. Akaomba chai ya pili. Joyline alipomwona alitoka nje, akasimama nyuma ya tangi la maji, akajifuta uso na leso. Nilimfuata. Alinishika mkono hadi tuliporudi ndani.

Jumapili, 17 Agosti

Mzee amerudi Kibugu. Kabla ya kuondoka alinishika mikono yote miwili, akauliza kama ninaweza kwenda kwake mara moja kwa mwezi, tupike. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza kuuliza.

Joyline ameniambia jambo tulipokuwa tukitoka kanisani. Baba yake hakuhitaji kugeuzwa, alihitaji mtu wa kuketi naye jikoni. Na kitu pekee kilichofaa wiki hii nzima kilitokea siku ambayo sikuwa na mpango. Alisema kwa upendo sana.

Nimelifikiria jambo hilo kwa makini mchana kutwa. Nimeona amekosea. Sahani mbili na nusu bila nyama! Mpango ulifaulu kabisa. Ulichelewa tu.

Na leo leo, wakati wa matangazo, wamesema kutakuwa na chakula cha mchana cha wanaume wa kanisa mwezi ujao. Wanaume themanini! Walitaka mtu wa kusimamia jikoni. Mkono wangu ulipanda wenyewe. Nimepiga hesabu: viazi vitamu vikipondwa na maharagwe, vikaviringishwa vyembamba na kukaangwa hadi viwe kahawia, kwa mbali ni soseji. Wanaume hawatazami. Hakuna atakayejua.

Joyline ameniuliza mbona nimefumba macho huku natabasamu. Nimemwambia ninaomba.